Mchicha wa Bondeni

Mtu aliyekaa Dar es Salaam kwa muda amekwisha kula mchicha wa bonde la Msimbazi, hata kama hana habari. Mto huo huanzia vilima vya Pugu, hupita katikati ya makazi na viwanda, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kandokando yake watu wamelima mboga miaka mingi, kwa kuwa maji yako karibu, soko liko karibu, na mchicha wenyewe haukawii. Wiki tatu au nne tangu kusia mbegu, unaung'oa.

Shamba letu halikuwa la biashara. Tulilianza mwaka 2001, majirani kumi na wawili, na hakuna aliyelipwa hata senti. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu. Nilimkumbuka marehemu baba alivyopanda mihogo mbele ya ofisi yao mwaka 1974, siku zile za Kilimo cha Kufa na Kupona, watu wa mjini nao walipohimizwa kulima. Nikajiona naendeleza kazi yake. Mafungu tuliyovuna tuliwapelekea wazee wasio na mtu, wajane, na nyumba zenye wagonjwa. Yaliyobaki tuliuza tupate fedha ya mbegu na samadi ya kuku. Asubuhi na jioni watu wawili walikuwa na zamu ya kumwagilia, keni moja mkono huu, nyingine mkono ule, kupanda na kushuka mpaka matuta yote yalowe. Mgongo uliuma, lakini tuliipenda kazi ile, na nadhani tulijipenda kidogo kwa kuifanya.

Maji tuliyateka mtoni. Siku nyingine yalikuja na rangi ya samawati, siku nyingine yalinuka. Nikisema sikuona nitakuwa mwongo. Niliona, nikajiambia kwamba mchicha unapikwa, na moto huua vijidudu.

Mwaka wa tatu alijiunga nasi kijana mmoja aliyekuwa akisomea kemia. Jioni moja akaniita pembeni kwa adabu. "Shikamoo Mwalimu. Mboga hizi zimewahi kupimwa?" Akanieleza juu ya utafiti uliochapishwa mwaka 1999, ambao watafiti walipima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakakuta humo madini mazito, risasi ikiwa mojawapo. Vumbi lililo juu ya jani, alisema, unaweza kuliosha. Lakini kilichonyonywa na mizizi hakitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, na mboga za majani hukusanya zaidi kuliko bamia au nyanya. Wanaoumia zaidi kwa risasi ni watoto wadogo.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwomba anyamaze kwanza, tumalize matuta yaliyokomaa, maana watu walikuwa wanasubiri. Kijana aliinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Kwa wiki mbili tuligawa mchicha huo. Niliubeba mwenyewe.

Wiki ya tatu nilishindwa kulala, nikawaita wenzangu na kuwaeleza yote. Wapo waliosema nimewatia watu hofu bure, kwani mchicha wa bondeni uko kila sokoni. Wapo walioondoka bila neno. Kugombana kule sitakueleza, hakukuwa na maana. Siku ile ile tuliacha kuteka mtoni.

Kazi ngumu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja, aliyekuwa akilea wajukuu watatu, alinikaribisha kigodani, akanisikiliza huku akichambua mchele. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu. "Mwalimu, lile fungu la Jumamosi iliyopita, ulikuwa unajua?"

Nikamjibu, "Nilikuwa najua, Bibi."

Hakunikaripia. Aliendelea na mchele wake mpaka ungo ukaisha, nami nikakaa pale kama mtoto aliyeambiwa asubiri. Hapo nilitambua kwamba mtu anayelipia mboga yake sokoni anaweza kuigeuzageuza, akainusa, akaikataa. Anayeletewa bure mlangoni hawezi, hata akiwa na shaka, kwa kuogopa kuonekana hana shukrani. Tulikuwa tumemnyima Bibi haki hiyo, naye alikuwa akitushukuru kila wiki.

Tulihamia kiwanja kidogo mbali na mto, tukanunua maji ya bomba. Matuta yakapungua hadi theluthi, watu wa kujitolea wakabaki watano, na fedha ya maji ilitutoa jasho kuliko keni. Kijana wa kemia alibaki. Siku ya kwanza ya kuvuna nilipeleka fungu kwa Bibi, nikiwa na wasiwasi kwamba hatalipokea. Alilipokea, akalifungua kamba, akatazama jani moja moja upande wa chini.

"Ya bomba?"

"Ya bomba, Bibi."

Kwa miaka yote iliyofuata, mpaka alipofariki, aliniuliza hivyo kila Jumamosi kabla ya kuniitikia shikamoo.