Dubai Nimetumwa Fremu za Madirisha!

Nikitaja Dubai najua unawaza nini, msomaji wangu: dhahabu za Deira, simu, manukato, magauni ya harusi... Basi mwenzio safari hii nimetumwa fremu za madirisha!

Kaka yangu ana karakana ndogo Tandika, anatengeneza madirisha ya alumini. Kilio chake ni kimoja: fremu anazouza yeye ndizo anazouza jirani, na jirani wa jirani. Kwa hiyo akachora yake kwa penseli, ina mfereji wa kutolea maji ya mvua. "Kaulizie kama wanaweza kuitoa hii." Pesa alikuwa amedunduliza miaka miwili. Karatasi ile niliiweka ndani ya pasipoti kama hirizi.

Mwenyeji wangu ni mzee mmoja mstaafu, asili yake Unguja, aliyekula ujana wake kwenye viwanda vya alumini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo hatwendi sokoni."

Tukapanda treni ya laini nyekundu, ile iliyoanza 2009, kuelekea Jebel Ali. Maghorofa ya vioo yakapungua, yakaja mabohari, nguzo za umeme, na mabomba marefu ya moshi upande wa baharini. Mzee akanyoosha kidole: "Dubal ile."

Bwana wee, kumbe Dubai hakuna hata kiganja cha udongo wa kutolea alumini! Malighafi inaletwa kwa meli. Walichokuwa nacho enzi za Sheikh Rashid ni gesi ya kuzalisha umeme, na alumini inakula umeme ile mbaya: tani moja tu ni kiasi cha uniti 14,000. Dubal ikaanza kutoa alumini 1979, na joto lililobaki kwenye mitambo ya umeme likatumika kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa. Mwaka 2014 ikaungana na Emal ya Abu Dhabi, ndiyo EGA.

Sasa sikia kichekesho. Kampuni ya Gulf Extrusions, ya kina Al Ghurair, inayotengeneza hizi fremu zenyewe, ilianzishwa 1978. Yaani mpishi kafika kabla ya unga!

Fremu inatokaje? Mzee hakunipa hesabu, aliniuliza kama namjua mama anayekamua tambi. Nani asiyemjua? Unatia donge, unakandamiza, tambi zinatokea kwenye matundu. Ndiyo hivyo hivyo, ila donge ni gogo la alumini lililopashwa joto nyuzi 450 hadi 500. Halijayeyuka, maana linayeyuka kwenye 660, limelainika tu. Mtambo unalisukuma kwa nguvu za maelfu ya tani lipite kwenye kalibu ya chuma kigumu, na umbo la tundu ndilo umbo la fremu. Inatoka ndefu, inapozwa, inavutwa ncha mbili inyooke, inakatwa, halafu inarudishwa kwenye tanuri la nyuzi kama 180 kwa saa kadhaa. Hapo ndipo inakuwa ngumu.

Kilichoniacha hoi ni zile fremu zenye uwazi ndani. Alumini ikifika kwenye kalibu inagawanyika, inazunguka kipande cha kati, halafu inakutana na kujiunga yenyewe kwa lile joto na mgandamizo. Hakuna kuchomelea!

Tuliporudi Deira, chai mezani, nikatoa karatasi. Mzee akavaa miwani, akaitazama mpaka chai ikapoa.

"Huu ukuta mwembamba, utapinda. Unenepeshe. Mfereji mzuri. Hii yatoka."

Nikaruka kwa furaha.

"Kaa kwanza. Kalibu mtachongesha kwa pesa yenu. Na hawakuwashii mtambo kwa fimbo ishirini, mwanangu. Oda yahesabiwa kwa tani. Nduguyo auza madirisha mangapi kwa mwezi?"

Nilijua jibu. Mwezi mzuri ni manane.

Usiku nikampigia kaka. Nikamweleza yote, kalibu na tani zake. Akanyamaza muda mrefu, nasikia tu daladala zikipiga honi huko nyuma.

"Lakini mfereji ameukubali?"

"Kasema mzuri. Ukuta tu ndiyo unenepeshwe."

"Basi hiyo karatasi usiitupe," akasema. "Nirudishie."

Vitenge sikununua.