Mto Mmoja, Uchafu wa Namna Mbili

Mto Athi ni wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, na jina lake hubadilika njiani. Ukishapokea maji ya Tsavo ndani ya hifadhi ya Tsavo Mashariki huitwa Galana. Ukikaribia bahari, kaskazini ya Malindi, ni Sabaki. Mimi nimeupitia kwa chombo sehemu mbili tu, zile zinazopendwa na wapiga picha: kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, Kilimambogo, na mlangoni mwake karibu na Mambrui. Kote kuwili utapata mwenye chombo cha kukodi, mvuvi na mandhari ya kukufanya usahau njaa. Kote kuwili maji ni machafu, ila uchafu wenyewe haulingani.

Kilimambogo

Mto hufika kwenye ukingo mpana wa mwamba, ukagawanyika mikondo mingi, kisha ukaanguka mita zipatazo 27. Nyuma yake umesimama mlima Ol Donyo Sabuk. Vijana wa hapo hupanda kileleni mwa mwamba, hujirusha kwenye vilindi vya chini, halafu huibuka wakidai ujira kwa waliopiga picha.

Harufu hukupokea kabla ya mngurumo wa maji. Chini ya maporomoko povu zito huzungukazunguka pembeni mwa miamba, likibeba chupa za plastiki na ndala zisizo na jozi. Mzee aliyenivusha alikuwa akisukuma chombo kwa mti mrefu, na onyo lake lilikuja mapema.

“Mgeni, mkono usiuweke majini.”

“Na wewe, mzee?”

“Mimi nimezoea. Lakini jioni naoga ya bomba.”

Haya ni maji ya Nairobi. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukakatiza jiji, ukapokea mito ya Mathare na Ngong, ukapita kando ya jaa la Dandora. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yangali yanamwaga. Mitaa mingi ya mabanda haina mabomba ya majitaka, kwa hiyo mfereji wa mlangoni ndio bomba, na mto ndio mwisho wake. Mzigo wote huo huingia Athi kabla ya maporomoko.

Nilimuuliza mzee samaki gani wanapatikana. Alitaja kambare kwanza, kisha tilapia “akibahatika”. Mpangilio huo una sababu. Majitaka yanapooza hula hewa iliyomo majini, na kambare anaweza kupanda juu akavuta hewa ya kawaida. Mvuvi wa hapa anavua wale walioweza kuvumilia. Alivyosema, mteja akijua samaki ametoka wapi hushusha bei, kwa hiyo sokoni mto hautajwi.

Mlango wa Sabaki

Huku pua haina malalamiko. Kuna harufu ya chumvi, tope na mikoko. Upande mmoja ni vilima vya mchanga, upande mwingine ni ndege wa majini, na maji yakipwa heroe husimama kwenye tope lililo wazi wakichakura. Viboko nao wapo, ndiyo maana nahodha alikuwa akitazama mbele kuliko alivyokuwa akinitazama mimi. Maji ni mekundu kama udongo wa tofali, na mstari wake unaonekana mbali baharini.

“Haya si machafu, kaka,” alinijibu nilipomuuliza. “Ni mvua ya bara tu. Kamba wanayapenda.”

Kuhusu kamba alisema kweli. Tope la mlangoni ndilo malezi yao, na wenye kimia huyafuata maji haya mekundu kwa furaha. Ila tope halibaki mlangoni. Wakati wa kusi husukumwa kaskazini. Kaskazi ikivuma hushuka hadi Malindi, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya matumbawe. Tumbawe linahitaji mwanga, na tope hulifunika. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuchunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Ndani ya tabaka zake walisoma kiasi cha udongo ulioletwa na mto, wakakuta ulianza kuongezeka sana mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za ukoloni, ardhi ya bara ilipobanwa na kulimwa kupita kiasi. Kwa hiyo “mvua ya bara” haina kosa lolote. Kilichobadilika ni shamba inaloliangukia.

Nikiyaweka pamoja

Uchafu wa juu hupungua ukiteremka. Jua, miamba na mwendo mrefu hurudisha hewa majini na kumaliza sehemu kubwa ya kinachooza, ingawa plastiki na madini mazito hayaozi. Uchafu wa chini huzidi kadiri mto unavyoteremka, kwa sababu kila bonde la Ukambani huongeza udongo wake, na kila anayechimba mchanga kingoni huongeza tena. Mmoja unanuka na mwingine haunuki, na serikali hufuata pua. Kwa mito ya Nairobi, aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliendesha kampeni iliyokumbukwa hadi bustani ikapewa jina lake, na mwaka 2022 ikaundwa tume maalumu. Udongo wa Sabaki haujaundiwa tume, kwani mgeni anayeutazama kutoka hotelini huuona kama rangi ya asili ya mto.

Dawa ya udongo, hata hivyo, inajulikana zaidi kuliko dawa ya majitaka, tena ni ya bei nafuu. Wakulima wa Machakos, huko Ukambani, walichimba kwa majembe yao matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, na miteremko iliyokuwa imetangazwa kuwa imekufa katika miaka ya 1930 ikarudi kulimika ingawa watu waliongezeka. Majitaka yanadai mabomba, mitambo na bajeti ya jiji.

Mzee wa Kilimambogo na nahodha wa Sabaki hawawezi kuyasafisha maji yao hata wakiokota chupa kila asubuhi. Wa kwanza anasubiri mabomba ya Nairobi. Wa pili anasubiri matuta mengi zaidi Ukambani. Mpango wowote wa kusafisha mto huu unaokomea kwenye mpaka wa jiji utamtumikia mmoja wao tu, na huyo si nahodha wa Sabaki.