Miiba ya Arizona, Ukoka wa Dodoma

Kusini mwa Arizona, katika jangwa la Sonora, nyumba hupambwa kwa mimea iliyokuwapo kabla ya nyumba yenyewe: madungusi kakati na yuka. Mji wa Tucson hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka, karibu nusu ya ile ya Dodoma, lakini mbele ya nyumba maua hayakosekani. Mzazi akitoka nyumbani Dodoma kwenda kuwatembelea wanawe huko, huuliza kwanza kwa nini kiwanja hakijafyekwa.

Bwana wa bustani hizo ni saguaro, mmea wa jamii ya dungusi kakati unaoweza kupita mita 12 kwenda juu. Hukua polepole kiasi cha kuudhi: miaka 8 ya kwanza huenda usizidi sentimita 4, na matawi husubiri miaka 50 au zaidi. Anayenunua saguaro mkubwa, basi, analipia umri. Sheria ya jimbo inaulinda, na kuuhamisha kunahitaji kibali na lebo. Katika Hifadhi ya Taifa ya Saguaro, baadhi ya mimea imepachikwa chipu ndani ya mwili wake ili mwizi afuatiliwe. Dodoma, kwa mnyaa wa umri wa babu, panga linatosha.

Upandaji wa saguaro una taratibu zake. Kabla mmea haujang'olewa, upande wake unaotazama kusini hutiwa alama, na mahali papya hauna budi kuelekezwa vilevile, kwa sababu ngozi iliyozoea kivuli huungua na jua. Mizizi iliyokatwa huachwa kivulini siku kadhaa ipate kukauka vidonda. Shimo halitiwi samadi. Kinachotakiwa ni udongo wa kokoto usiotuamisha maji, na maji ya kwanza hucheleweshwa makusudi. Mtunza bustani aliyezoea kumwagilia asubuhi na jioni atauozesha kwa huruma zake. Miche michanga hupandwa chini ya mti wa palo verde, kwa kuwa hata porini hukulia kwenye kivuli cha mti mwingine.

Yuka huleta maua meupe marefu, nayo yana siri. Nondo jike wa yuka hukusanya chavua, huibeba hadi ua jingine, hutaga humo, kisha huisukumiza chavua hiyo kwenye stigma, yaani sehemu ya ua inayopokea chavua. Viwavi wake hula sehemu ya mbegu, na zinazobaki ni za mmea. Pasipo nondo huyo, yuka aghalabu huchanua bure.

Mpinzani wa bustani hizi ni nyasi, na nyasi zinazopendwa zaidi mjini Phoenix ni ukoka, ukoka uleule wa viwanja vya mpira, uliofika huko kutoka upande huu wa dunia. Huko Las Vegas, jimboni Nevada, mamlaka ya maji humlipa mwenye nyumba anayeung'oa. Sheria ya Nevada ya 2021 inakataza, kuanzia 2027, kumwagilia kwa maji ya mto Colorado nyasi za mapambo tu zilizo kwenye maofisi na kando ya barabara. Nyumba za familia zimeachwa.

Dodoma mambo ni kinyume. Nyumba mpya huhesabika imekamilika pale kila kilichoota kabla yake kinapokuwa kimekwisha: mshubiri, mnyaa, mkonge-pori. Halafu huja ukoka na mpira wa maji, hata wiki ya mgao wa maji. Wanaojua thamani ya mmea mkavu hawakosekani. Mkonge wa Tanga, ndugu wa mbali wa yuka, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukajenga mji. Lakini huo ulikuwa biashara. Kiwanja cha nyumbani kimebaki kuonea miiba aibu.

Dawa si kubeba mimea ya Arizona. Mpungate wa Engelmann, unaosifiwa katika bustani za Tucson, umegeuka balaa Laikipia, nchini Kenya: ndovu na nyani husambaza mbegu zake, nao mbuzi wanaokula matunda huumizwa midomo na macho na miiba midogo. Cha kuiga ni utaratibu, yaani kuanza na kilichoota chenyewe. Mshubiri na waridi la jangwani hustahimili ukame wa Dodoma bila mpira wa maji. Mnyaa nao hufaa kwa ua wa nje, mradi ukatwe kwa uangalifu, maana utomvu wake ni hatari kwa macho.