Mvumo Ndani ya Sanduku

Nyumbani kwangu Lumakanda, katika Kaunti ya Kakamega, kuna sanduku la mbao lililovikwa kitambaa kilichochakaa. Hicho ni kikuza sauti cha gitaa, nilichorithi kwa babu yangu. Babu alikuwa miongoni mwa watu waliopata vishamba huku Lugari baada ya uhuru wa 1963, mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu yalipogawanywa. Mchana alilima mahindi. Jioni alipiga gitaa. Wala si ajabu, kwani nchi hii ya Waluhya ndiyo iliyomlea George Mukabi, bingwa wa gitaa aliyefariki mwaka huo huo wa uhuru, na ndiyo iliyowatoa Abana ba Nasery wa Bunyore.

Ndani ya sanduku hilo hamna transista, kidude kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947. Mna valvu tatu, yaani chupa ndogo za kioo zilizotolewa hewa, ambazo ndani yake huwaka wekundu kama makaa. Usiku wa baridi mtu aweza kuota joto lake.

Mwaka mmoja nililipeleka shuleni ninakofundisha, ili vijana wa chama cha muziki wajiandae kwa siku ya wazazi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, hodari wa gitaa kuliko wenzake wote, ndiye aliyeliwasha. Nilipoingia darasani nilisikia mvumo mzito ukitoka katika spika, mfano wa nyuki elfu ndani ya mzinga. Pasipo kuuliza nilimkemea mbele ya wenzake, nikamwambia kwamba ameharibu urithi wa babu yangu.

"Mwalimu," alinijibu kwa adabu, "ulikuwa ukivuma tangu jana, kabla sijaugusa."

Nilimnyamazisha. Kijana aliinamisha kichwa, akalilaza gitaa juu ya meza, akatoka. Juma zima hakuonekana katika chama chetu.

Nilirudi nyumbani na sanduku langu, na hapo ndipo nilipoanza kutafuta chanzo cha mvumo. Ajabu ya mambo ni kwamba nilikuwa na subira nyingi kwa sanduku, subira ile niliyomnyima mtu.

Kwanza nilishuku umeme wa shule, kisha nikashuku mashine ya kusaga mahindi iliyo jirani nami. Nilingoja usiku, mashine ikazimwa, nami nikazima kila taa ya nyumba. Mvumo haukupungua. Pili niliuchomoa waya wa gitaa. Mvumo ulibaki, basi gitaa na waya wake havikuwa na hatia. Tatu nilikizungusha kitufe cha sauti hadi sufuri. Ulibaki vile vile. Basi kosa lilikuwa mbele ya kitufe hicho. Nne nilizima umeme, nikangoja valvu zipoe, nikaing'oa valvu ya kwanza, ile ipokeayo sauti ya gitaa, nikawasha tena. Mvumo haukubadilika hata chembe. Hivyo kila hatua ilifunga mlango mmoja, na milango iliyosalia ikawa michache.

Ndipo lilipokuja wazo la tano. Nilichukua gitaa kavu, lisilotumia umeme, nikatafuta noti iliyolingana na mvumo. Niliipata katika uzi mnene kuliko zote, pale kidole kinapobana nafasi ya tatu. Noti hiyo hutikisika mara 98 kwa sekunde. Sasa fikiri, msomaji. Umeme wa Kenya ni mkondo geu, uendao na kurudi mara 50 kila sekunde. Valvu ya kunyoosha umeme huzielekeza nusu zote mbili za kila mzunguko upande mmoja, yakapatikana mapigo 100 kwa sekunde. Kisha kapasita huyasawazisha mapigo hayo, mfano wa tangi lijazwalo kwa ndoo, lakini bomba lake likatoa maji yasiyokatika. Mvumo wa mapigo 100 ulinieleza kwamba tangi lenyewe halikuwa likishika maji tena.

Hapo nilisimama, na ninawasihi vijana nao wasimame hapo. Kapasita za sanduku kama hili huweza kuhifadhi volti 300 na zaidi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, nazo zaweza kuua. Kadhalika, wako watu wanaoukata waya wa ardhi ili mvumo ukome; hao wanajiwekea mtego wa mauti. Nililipeleka sanduku kwa fundi mzee wa redio. Alizimaliza nguvu za kapasita kwa utaratibu, akanionyesha moja iliyovimba na kutoa ukoko mweupe.

"Maji yake ya dawa yamekauka," alisema. "Miaka mingi imepita. Hakuna aliyeiharibu."

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma. Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kosa la sanduku lilikuwa ndani ya sanduku, na kosa la siku ile lilikuwa ndani yangu mimi.

Jumatatu nilimwita kijana mbele ya darasa lile lile lililosikia nikimkemea. Niliwaeleza wote jinsi nilivyotafuta chanzo hatua kwa hatua, kisha nikasema: "Mwenzenu alisema kweli siku ya kwanza, nami sikumsikiliza. Nimekosa, naomba radhi." Darasa lilinyamaza kimya. Kijana aliniangalia kwa muda, akauliza, "Mwalimu, sasa naweza kuliwasha?"

Aliliwasha. Valvu zilipata moto, na katika spika tulisikia mchakacho mdogo tu, kama mvua ya mbali juu ya majani ya mahindi. Mchakacho huo hauondoki kabisa katika kikuza sauti chochote, kwa kuwa joto lenyewe huzisukasuka chembe za umeme ndani ya waya. Kisha alianza kupiga, nasi hatukuusikia tena.

Tangu siku hiyo, kosa linapotokea darasani, hukumbuka nilivyoing'oa valvu ya kwanza na kusikiliza kabla ya kuigusa ya pili. Na anaponijia mwanafunzi kusema, "Mwalimu, ilikuwa hivyo tangu jana," mimi huketi nikamsikiliza.