Kaboni, gundi na mlima Kitonga

Haya jamani, leo tuongelee ubishi ambao vijana wenye magari Mbeya na Iringa hawauchoki: kaboni inashindwa na joto la injini au haishindwi?

Mimi ubishi huu unanihusu. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo pale Mbeya, kaifunga Subaru yake boneti ya kaboni. Bei siitaji, mama yake asije akasoma. Sasa anataka na bomba la kuvuta hewa la kaboni, likae jirani na ekzosi. Hoja yake ni moja: "Kaka, hii kitu iko kwenye ndege na Formula One. Joto la Subaru ni nini?"

Hoja tamu, ila ina tundu. Tunachokiita kaboni ni vitu viwili: uzi na gundi. Uzi wenyewe ni mkavu kweli, joto la kawaida chini ya boneti haliutishi. Gundi, ambayo mara nyingi ni epoksi, ndiyo yenye kikomo. Fikiria nyumba ya tofali za kuchoma iliyojengwa kwa tope. Mvua ikipiga miaka na miaka, tofali halina neno. Tope ndilo linaloondoka, na ukuta unalala chini na tofali zake nzima.

Epoksi iliyoachwa ikauke yenyewe bila kuokwa huanza kulegea kwenye sentigredi 60 hadi 80 hivi. Iliyookwa vizuri kiwandani huvuka 120, na zipo za kufika 180. Sasa linganisha: maji ya injini huzunguka yakiwa na 90 hivi, na ekzosi, injini ikikazwa, hupita 400.

Hao wa Formula One wanalijua hilo. McLaren walileta gari la mbio lenye bodi ya kaboni mwaka 1981. Walipotengeneza gari la barabarani, McLaren F1, miaka ya 1990, chumba cha injini walikizungushia karatasi nyembamba ya dhahabu ili irudishe joto. Dhahabu, ndugu zangu, kama ile inayochimbwa Chunya! Wenye kaboni yao hawakuiacha uchi mbele ya moto. Sisi je?

Na barabara zetu hazina huruma. Kitonga unapanda nyuma ya lori la Zambia, gia ya chini, mwendo wa kinyonga. Injini inahenya, upepo wa kuipoza hakuna. Ukifika Ilula unazima gari ununue nyanya. Maji yanaacha kuzunguka, na joto lote la chuma linapanda kwenye boneti.

Gundi ikilegea hutaona moshi. Kipande kinapinda kidogo, kinapoa, kinabaki hivyo hivyo. Pabaya zaidi ni pale kitasa kilipobandikwa. Kikichomoka ukiwa mwendoni, boneti inafunguka na kukuziba kioo. Piga picha kona za Kitonga, huku mwamba, huku korongo, na huoni mbele. Anayekaa kiti cha mbele katika Subaru ile ni mama mdogo, akienda kumwona binti yake.

Kwa hiyo nimemwambia mambo matatu. Kwanza, muulize muuzaji kama kipande kiliokwa, na kwa sentigredi ngapi. Asipojua, kihesabu ni cha 60. Pili, boneti ifunge pini mbili za chuma, na chini yake weka karatasi ya kukinga joto. Tatu, bomba la hewa acha lile lililokuja na gari. Ni la plastiki, halina sifa mjini, lakini lilitengenezwa kwa ajili ya pale pale lilipo.

Pini kakubali, zimeshafungwa. Bomba bado tunavutana, anasema nimezeeka kabla ya wakati. Nyie mnaopanda Kitonga na kaboni zenu, nisaidieni kumwambia.