Ombi Nililoliweka Mezani

Kosa langu lilianzia kwenye neno moja. Linalonisuta zaidi ni maneno mawili niliyoyaongeza ili hilo la kwanza likae sawa.

Nilipewa kumbukumbu za kikao cha bodi ya shirika moja la Marekani, nizitafsiri kwa kikundi cha akina mama walioomba fedha za kisima. Kuhusu ombi lao kulikuwa na sentensi fupi, na kitenzi chake kilikuwa table. Masikio yangu yamezoea Bunge, ambako hati huwasilishwa mezani ili zishughulikiwe, kama wanavyosema Waingereza. Nikaandika: ombi limewasilishwa. Ila ajenda nyingine zote zilitajiwa hoja na kura, hii haikutajiwa chochote. Badala ya kuuliza, nikachomeka "na kujadiliwa".

Kwa Wamarekani kitenzi hicho ni kuahirisha, na mara nyingi ni kuzika kabisa. Chimbuko ni moja: tabula ya Kilatini, yaani ubao, ikawa meza, na meza ikageuzwa kitenzi. Waingereza walitazama karatasi inavyofika mezani; Wamarekani wakatazama inavyoachwa pale, kikao kikiendelea na mengine.

Winston Churchill alilisimulia hilo katika juzuu ya tatu ya historia yake ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyotoka 1950. Maofisa wa Uingereza walitaka waraka wao wa dharura "uwekwe mezani". Wenzao wa Marekani wakakataa katakata, kwa kuwa nao waliuona wa dharura. Walibishana kwa muda mrefu, kumbe wanataka jambo lile lile. Kisa hicho nilikuwa nimekisoma, tena nikacheka.

Akina mama walichangishana, wakamlipa fundi wa kupima maji. Fedha hazikuja. Mweka hazina aliponiuliza, nilimjibu, "Mama, wazungu wamebadili mawazo." Hawakubadili lolote. Ombi liliwekwa kiporo tangu siku ile, na laiti ningeandika hivyo, wangelifuatilia mapema na pesa zao zingebaki mfukoni.

Hatimaye nilikwenda kumweleza ukweli, pamoja na habari za Kilatini na Churchill. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwanangu, Kiingereza kilikuponyoka. Na hilo la 'kujadiliwa' ulilisoma wapi?"

Sikulisoma popote.