Fuvu la Mbuzi Mezani

Wiki ya pili chuoni, mwalimu wetu wa sanaa aliingia karakanani na gunia, akatoa fuvu la mbuzi, akaliweka mezani karibu na dirisha. Alituagiza tulichore kwa mkaa, ila mtu asiguse karatasi kabla ya kulitazama dakika kumi. Wenzangu walitoka Machakos, Kakamega na Nyeri. Kwao lilikuwa fuvu la mbuzi tu. Mimi nilitoka Taita, na kengele ya mapumziko ilipolia karatasi yangu ilikuwa bado nyeupe.

Huo ulikuwa mwaka wa 1991. Chuo kilikuwa cha ualimu, mali ya kanisa, na nilikuwa nimekifikia kwa garimoshi la usiku nililopandia Voi, sanduku la bati mapajani. Siku ilianza kwa sala na kuishia kwa sala. Walimu wa sanaa walihitajika wakati huo: tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985, sanaa na ufundi vilikuwemo katika mtihani wa darasa la nane.

Kwetu milimani, kabla ya Ukristo, mzee alipofariki alizikwa, na baada ya muda kaburi lilifukuliwa, fuvu likapelekwa kwenye pango la ukoo na kupangwa pamoja na ya waliomtangulia. Ukame ukizidi, au maradhi yakiandama nyumba, watu walikwenda pale kuomba. Mmishonari J. A. Wray wa CMS alifika Sagalla mwaka wa 1883, dini mpya ikapanda kilima baada ya kilima, na desturi ile ikakoma. Mafuvu yalibaki. Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kila tulipopita karibu na pango letu aligeuza uso upande wa bondeni. Hakulitukana pango, wala hakulitaja. Nami nilijifunza kugeuza uso vivyo hivyo kabla sijajua tunachokikwepa ni nini.

Nilimweleza mwalimu haya yote baada ya kipindi, nikitarajia anihubirie au anicheke. Alifikiri kidogo, akasema, "Anza na pembe. Pembe hazina ukoo."

Basi nilichora pembe. Wiki tatu nilichora pembe tu, mikunjo yake, mahali zinapochipuka kutoka kwenye mfupa. Kutoka hapo mkono ulishuka wenyewe hadi paji la uso, hadi tundu la jicho. Nilipaka tundu lile jeusi tii. Mwalimu akachukua tonge la mkate, tulilotumia kufutia mkaa, akalibonyeza katikati ya ule weusi, na mwanga hafifu ukatokea ndani. "Tazama tena," akasema. Nikatazama. Kweli, mwanga wa dirisha ulikuwa umeingia mle tangu mwanzo.

Muhula wa pili tulipelekwa Murang'a, kwenye kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Ukutani mna picha tano kubwa za maisha ya Kristo, alizozichora Elimo Njau mwishoni mwa miaka ya 1950. Njau alizaliwa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro ile ile tunayoiona kutoka Taveta, akasomea sanaa Makerere. Watu wengi husifu kwamba Yesu wake ni Mwafrika, na wana haki: nyumbani kwetu Yesu wa ukutani alikuwa yule wa Warner Sallman, Mmarekani, mwenye nywele za kahawia zinazoanguka mabegani. Lakini kilichonishika mimi ni ardhi. Miti na miteremko ya picha zile ilikuwa ndiyo tuliyoipita asubuhi ile kwa basi. Mchoraji alikuwa ametazama nje ya mlango kabla ya kushika brashi.

Nikasimama mbele ya picha ya kusulubiwa, na jina la mahali pale likanijia: Golgotha, yaani Fuvu la Kichwa. Nilikuwa nimelisikia likisomwa kila Pasaka tangu utotoni. Sikuwahi hata mara moja kulisikia kama Mtaita.

Desemba nilimwomba babu anipeleke pangoni. Alikataa. Siku mbili baada ya Krismasi, alfajiri, alinigongea mlango akiwa na fimbo yake.

Sikuchora siku ile. Niliacha karatasi nyumbani kwa makusudi. Pango lilikuwa la chini, vumbi lake laini kama unga, na mwanga uliingia ubavuni, kutoka upande mmoja, kama kwenye karakana yetu. Nilichuchumaa nikayatazama moja moja, bila haraka, jinsi nilivyofundishwa. Babu alisimama nyuma yangu kimya. Kisha akanyoosha fimbo na kuanza kutaja majina, kutoka kushoto kwenda kulia, hadi akafika kwa babu yake mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa akipita pale uso umegeuka, na alikuwa akiyajua yote.

Nimefundisha Voi tangu nilipohitimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sanaa iliondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na mikaa yangu ikalala kabatini miaka mingi. Mtaala mpya umeirudisha darasani, nami nimeshukuru. Babu alitutoka kabla ya hayo yote. Kabla hajafa nilimchora, kwa mkaa na kwa udongo mwekundu wa Voi niliouchekecha na kuukoroga kwa gundi. Mafuvu hayamo katika picha ile. Pana mwamba, pana njia, na babu amesimama na fimbo yake, bonde likiwa mgongoni, uso ameuelekeza pangoni.